Masila Kimeu na Waya za Juu ya Dari

Nyote mliofika kutushika mkono hapa Kola, niwieni radhi nikipaza sauti, maana leo hatuna spika, na sababu yake mtaisikia.

Ndugu yangu Masila Kimeu alizaliwa tarehe 4 Machi 1971 katika boma hili, kifungua mimba wa marehemu baba yetu Kimeu na mama yetu Nzembi, akasoma hapa karibu hadi mwaka 1990, kisha akahitimu ufundi wa stima mjini Machakos mwaka 1992. Desemba 1997 aliweka stima katika nyumba hii, baba akagonga mbao za dari kwa mkono wake mwenyewe, na mwaka uliofuata akatuacha.

Tarehe 22 Agosti 1998 Masila alimuoa Wavinya, wakahamia Mumbuni, wakabarikiwa na Mumo na Kamanthe.

Julai 2006 hoteli ya Ngina pale Kyumbi iliungua, Ngina akafia ndani, na ingawa hakuna aliyemnyooshea kidole, Masila alijua kosa ni lake, kwa sababu ni yeye aliyeunga waya nene ya jiko na waya nyembamba ya taa kwa kuzisokota na kuzifunga tepu, kama walivyofanya mafundi wengi, ilhali waya nene haisokoteki, ile nyembamba huizungukia tu, ikilegea inashika moto, na fyuzi ya waya nene haikatiki hata nyembamba ikiungua.

Tangu hapo alirudi nyumba moja baada ya nyingine, akipanda darini, akikata viungo vyake vya zamani na kuviweka upya kwenye konekta ndani ya kisanduku, kila waya na skrubu yake, nyembamba na fyuzi yake ndogo. Mezani aliacha chakula ghafla akisema plastiki inaungua, Wavinya akinusa asipate kitu, nasi tulimhurumia, na mara nyingine, niseme ukweli, alituchosha.

Ilibaki nyumba hii peke yake, kwa kuwa mama alikataa mbao za baba zivunjwe, na Masila hakuwa mtu wa kumkaidi mama, ila hakuwahi tena kulala ndani yake, hata Krismasi.

Aliugua figo tangu 2023, akafariki hospitalini tarehe 13 Mei 2025, baada ya kumsihi mama stima ya nyumba hii izimwe kabla watu hawajakusanyika kumzika, na safari hii mama akakubali. Jumatano Mumo alifungua dari, tukaiona tepu imekuwa jivu, na mbao ya baba imeungua ikawa nyeusi, juu kabisa ya kitanda cha mama.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Mumbuni na Kola, mafundi wenzake, na watoto wa Ngina, ambao wamekuja.

Masila, ulinusa kweli. Stima tumezima, mama yuko salama, sasa lala kwa amani.