Vibao vya Bi Kuwabara, na Aliyejitwalia Sifa Zake

Bi Fumino Kuwabara anastaafu tarehe 31 Machi, baada ya miaka thelathini na minane kamili katika studio yetu hapa Kyoto, idara ya mapambo, meza ya dirishani. Ofisi ya jarida la studio ilitaka wasifu huu uandikwe na mtu aliyesoma. Yeye akasema uandikwe na mimi Igami, fundi seremala, na neno lake ndilo lililopita. Shule nilikaa kidogo. Lakini lile daraja mnaloliona katika "Mlinzi wa Daraja la Tano", lililobeba farasi saba na wanaume arobaini wanaokatana mapanga bila ubao hata mmoja kulia, nimelijenga mimi. Kwa hiyo naandika, na ofisi isinifutie hata mstari.

Kila kibao cha duka katika mtaa wetu wa kale wa kuigizia kimeandikwa kwa mkono wake. Nyumba za wageni, matangazo ya wanaosakwa, hata barua ambazo shujaa huzifungua na kulia, zote ni zake. Akishaandika, anasugua ubao kwa chai nzito na majivu, kisha anautundika nje unyeshewe. Wiki tatu, na ubao niliouchonga juzi unakuwa na umri wa babu yangu. Mimi nachonga, yeye anaandika, mimi napigilia. Watu wawili tu, mtaa mzima.

Sasa nieleze jambo linalonichemsha damu.

Mwaka wake wa tatu kazini alistaafu mzee Okazoe, mtu wa taa, aliyekaa juu ya dari za studio miaka ishirini na sita. Walimpa shada la maua na makofi. Kesho yake asubuhi ndoano yake ya koti ilikuwa tayari na jina la mtu mwingine. Bi Kuwabara aliiona, akarudi mezani kwake. Siku hiyo kulihitajika kibao cha duka la tofu, yale maziwa ya soya yaliyogandishwa. Bwana Hatanaka, ambaye ndiyo kwanza amepewa kiti cha mwongozaji, alipita mbio akasema, nami nilikuwepo na nyundo mkononi, "Andika chochote, dada. Watu wanaangalia mapanga, nani atasoma kibao?"

Akaandika chochote. Akaandika "Okazoe", kwa kuwa mzee yule alikula tofu baridi kila mchana, kiangazi na baridi.

Kipindi kiliporushwa, mke wa Okazoe alipiga simu langoni. Alikuwa analia na kucheka. "Mwambieni aliyefanya hivi, mume wangu amesimama mbele ya runinga kama askari!"

Tangu hapo ikawa desturi. Aliyeko kazini hapewi kibao, hata aombe vipi, maana jina lake bado liko kwenye kadi ya saa ya kuingilia kazini. Akitoka mara ya mwisho, asubuhi inayofuata ana duka. Mama wa mishono alipewa duka la vitambaa. Dereva wetu, aliyependa chupa kuliko usukani, alipewa duka la sake, na familia yake ilicheka kuliko sote. Yule aliyeuawa kwa upanga mara elfu moja na mia mbili mbele ya kamera alipewa duka la dawa. Hata farasi mwekundu alipata duka la nyasi kavu. Watu sitini na mmoja na farasi mmoja. Kila msumari wa vibao hivyo nimepiga mimi, na hakuna kilichowahi kudondoka.

Mwaka jana watazamaji wa mtandaoni waligundua. Mtu mmoja wa Sendai alikuwa akisimamisha picha, akahesabu majina na kuona kwamba duka la Okazoe huhama mtaa kila msimu. Wakauliza ni siri gani hii. Waandishi wa magazeti wakaja, na Bwana Hatanaka akapangusa miwani yake taratibu, akawaambia, "Ni namna yangu ya kuheshimu yaliyopita."

Namna yake!

Mwezi wa pili studio ikafungua maonyesho ya siri za vipindi vyetu. Vibao vyetu vikatundikwa ukutani, na chini yake kadi: "Wazo la Mwongozaji Hatanaka." Bi Kuwabara alikuwepo kwenye ufunguzi, amesimama nyuma karibu na birika la chai. Sikuvumilia. Nilipenya katikati ya wageni, nikamwuliza mbele ya watu, "Mwongozaji, huyu Okazoe alikuwa nani?"

"Mzee Igami, na wewe bwana!" akacheka. "Ni jina tu. Lina ladha ya zamani."

Kutoka karibu na birika, sauti ndogo ya Bi Kuwabara ikasema, "Alikuwa na kikohozi. Akipanda ngazi, tulikisikia kabla hatujamwona."

Bwana Hatanaka aligeukia picha ya farasi.

Nimekwenda ofisini mara nne kudai kadi ibadilishwe kabla hajaondoka. Mara ya nne nikajibiwa, "Mzee wetu, kadi zimeshachapwa na gundi imeshakauka." Mimi seremala wa miaka hamsini kazini, ndiye wa kuelezwa habari za gundi! Bi Kuwabara mwenyewe aliniambia, "Fundi, acha bwana. Okazoe anajua." Siachi. Okazoe amekufa, na wanaosoma kadi hawajui. Leo ninapoandika, kadi bado iko ukutani.

Basi jarida hili ndiyo kadi yangu. Majina yote sitini na moja, na farasi, ni wazo la Fumino Kuwabara, ni kazi ya Fumino Kuwabara, na mimi ni shahidi. Anayebisha aje karakana, nipo.

Limebaki jambo moja. Anayetoka hupewa duka, na mwandishi wa vibao ndiye anayetoka. Nilimwuliza kama anataka duka la brashi na wino. "Brashi nimezichoka, Fundi. Nipe duka la peremende, nikae nile." Hakuuliza nani ataandika.

Nimeandika mimi. Herufi zetu ni maelfu; ninazozijua ni chache, na za jina lake hazikuwa miongoni mwazo. Nimelinakili kutoka kwenye kadi yake ya saa, kwa patasi, maana brashi hainisikii, na nimeharibu mbao arobaini na moja. Wa arobaini na mbili nimeupaka chai na majivu kama alivyokuwa akifanya, na sasa unanyeshewa nyuma ya karakana. Herufi ya kwanza imepinda kidogo. Iacheni hivyo hivyo.

Tarehe mosi Aprili, kabla kamera hazijawashwa, nitaupigilia kushoto, mara tu ukivuka daraja langu. Kipindi kitarushwa mwezi wa sita. Ninyi wa mtandaoni, simamisheni picha hapo. Na safari hii msimwulize mwongozaji.

Bi Kuwabara, tunakushukuru, wazima na waliotangulia. Uwe na afya, ulale hadi jua lichome, ule peremende bila kuhesabu. Duka lako liko wazi.