Jino Lililozikwa Kagoma

Bwana asifiwe, ndugu zangu wa jumuiya! Asifiwe na wenye meno, asifiwe na vibogoyo pia. Mimi ni Koku wa Bilele, mke wa Anselmi, ndimi mnayenijua kwa kusoma somo la kwanza huku mkono ukiwa mdomoni. Leo mkono nimeushusha. Na huyu anayenivuta kitenge ni mwanangu Asimwe, ana mwaka mmoja na nusu. Nimesimama kwa sababu yake. Kuna siku moja, saa sita mchana, spoku ya baiskeli ilichemshwa kwa ajili ya mdomo wake, na mimi mama yake ndiye niliyekubali.

Mnivumilie nianze mbali. Nilipokuwa na miezi saba nilishikwa na homa na kuhara. Mama yangu, Ma Veneranda, akanibeba mgongoni hadi kwa jirani yake pale Kagoma, Ma Stansia. Yule mama akanifunua ufizi, akasema nina meno ya plastiki. Mnayajua, yale yanayosemwa kumletea mtoto homa. Wengi wenu hapa mmechimbwa, wengine mmewapeleka watoto wenu, na sisemi haya kumtukana mtu. Alinichimba ufizi wa juu kushoto kwa spoku, akatoa kitu cheupe, laini, akakizika kwenye shina la mgomba nyuma ya nyumba yake. Homa ikapoa baada ya siku chache, watu wakasema Ma Stansia ana mkono mzuri.

Lakini alimwachia mama neno. Alimwambia jino likizikwa halijafa, limelala tu. Siku likiamka litarudi kudai nafasi yake kwa mwenyewe, na likiikosa kwake litaingia kwa mtoto wake.

Nililelewa na neno hilo. Mgomba ule ulikuwa umezikiwa meno ya watoto wengi, na hakuna mtu aliyewahi kukata mkungu wake. Ndizi ziliiva juu kwa juu, zikapasuka, zikaanguka zenyewe. Hata ndege sikumbuki kuwaona pale. Sisi watoto tukitumwa maji tulizunguka kibanja kizima cha migomba ili tusipite chini ya majani yake.

Meno yangu yakaja yanavyotaka. Chonge la juu kushoto halikuota kabisa, na yale ya jirani yakainamia pengo kama watu wanaochungulia shimo. Nikajifunza kucheka kwa pua. Anselmi aliponichumbia nilimfungulia mdomo kwanza, nikamwambia atazame vizuri asije akasema aliuziwa mbuzi kwenye gunia. Akatazama, akasema yeye hakuja kununua meno. Mwanamume wa watu! Lakini mimi sikutosheka.

Ndugu zangu, shetani siku hizi ana simu. Nilipotoka kujifungua Asimwe, tangazo likaanza kunifuata: vifuniko vya meno vya plastiki angavu, visivyoonekana, vinanyoosha meno pole pole bila waya na bila kukanyaga hospitali. Unaletewa boksi. Ndani mna kitu laini mfano wa unga uliokandwa, unakiuma mwenyewe nyumbani, unakituma Dar es Salaam, nao wanakutengenezea seti nzima, kila baada ya wiki mbili unabadilisha. Nilijiuliza karibu mwezi mzima kama vinafaa. Niliiuliza simu, na simu haijawahi kumwambia mtu asinunue. Nilimuuliza mgeni mmoja aliyelala kwenye nyumba ya wageni ninakofanya kazi ya mapokezi, ambaye vilimnyoosha meno vizuri kabisa. Anselmi naye akaniuliza swali moja: hao watu watajuaje kilichomo ndani ya ufizi wako, kama hakuna aliyeutazama? Nikamjibu kwamba yeye ni mwalimu wa jiografia, abaki na milima yake. Ujuaji nao ni ugonjwa.

Vikaja. Nilivaa cha kwanza asubuhi moja, ukungu wa ziwa ukiwa bado dirishani, nikaenda kwenye kioo, nikaganda pale pale. Kwenye pengo langu kulikuwa na jino.

Halikuwa jino, lilikuwa umbo la jino. Mafundi waliona nafasi, wakaifinyanga plastiki ionekane imejaa, ili pengo lisijulikane. Ndani yake hewa tu. Nikatabasamu, na ile hewa ikatabasamu nami. Nikivua ili nile, nilikiweka kifuniko kwenye glasi ya maji dirishani, na kila nilipopita niliona mdomo usio na mtu, wenye jino ambalo mimi sina. Mama alikuwa amekuja Bilele kunilelea mtoto. Akawa anaifunika ile glasi kwa kanga. Siku moja akaniuliza ni nani aliyewaambia watu wa Dar es Salaam kwamba pale huwa pana jino. Nikacheka kwa pua, lakini kanga sikuiondoa.

Nilipofika kifuniko cha tatu, ufizi ukaanza kugonga. Sisemi kuuma, nasema kugonga, taratibu, kwa ndani. Ulimi wangu ukakuta kitu kigumu kwenye kaakaa, nyuma ya pengo, kama punje ya kahawa chini ya udongo. Nilikipapasa mchana kutwa pale mapokezi, wageni wakiuliza chumba nawajibu mambo mengine. Sikumwambia mtu. Niliogopa, ndugu zangu, niliogopa sana, na neno la Ma Stansia likanirudia lote kama lilivyosemwa.

Jumapili moja tukaenda Kagoma kumsindikiza mama, aliyetaka kuangalia kibanja chake kwa siku moja. Ma Stansia akaja kutusalimu, umri umeshamkunja. Mnajua kwetu mgeni hukaribishwa kwa akamwani. Kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna kikazunguka, kikanifikia. Kuikataa mbele ya wazee ni kuidharau nyumba, na kutafuna na kifuniko mdomoni haiwezekani. Nikageuka pembeni, nikakivuta, nikakitia mfukoni, nikadhani nimejificha. Ma Stansia alikuwa akinitazama. Alichokiona yeye ni mtu anayetoa meno yake kinywani na kuyaweka mfukoni.

Akainuka kwa fimbo yake, akanijia, akaweka kidole kwenye shavu langu kando ya pua. Mahali penyewe. Upande wa pili tu wa ile punje.

"Limeamka, waitu," akasema, akiniita kwa heshima ya Kihaya, kisha akarudi kuketi, akaendelea kutafuna kahawa yake.

Mpaka leo sijui alijuaje.

Wiki hiyo hiyo Asimwe akashikwa na homa. Akahara. Ufizi wake ulivimba, akawa anatafuna ngumi zake kutwa. Alikuwa na miezi saba, ndugu zangu, miezi ile ile yangu. Mama hakunigombeza. Alisema tu kwamba nimelifungulia njia, na sasa limepita. Nilivua vifuniko, nikavifunga ndani ya mfuko, nikaufunga mafundo matatu, lakini kule kugonga hakukukoma. Jumatano mama akaniuliza kama ampeleke mtoto kwa Ma Stansia. Nikasema ampeleke. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikubali mwanangu achimbwe ufizi ili mimi nitue woga wangu. Hiyo ndiyo dhambi niliyokuja kuitubu mbele yenu.

Alhamisi asubuhi mama akaondoka naye. Anselmi alipotoka bafuni akakuta kitanda cha mtoto kitupu. Nikamweleza yote, hata ile punje. Huwa hapazi sauti, na siku ile hakupaza. "Kabla hawajamchimba mtoto," akasema, "wewe ukapigwe picha. Bila kitu cha kuwaonyesha hawatatusikia." Akawasha pikipiki, tukaenda hospitali hapa mjini.

Daktari wa meno alikuwa dada mdogo kwangu kwa umri, mwenye maneno machache. Akanifungua mdomo, akapapasa kaakaa, akauliza nani alinipa vifuniko na kama walinipiga picha kabla. Nikatikisa kichwa. Akanipeleka kwenye eksirei. Picha ilipotoka akaishika dirishani, nami nikaliona. Ndani ya mfupa wa taya yangu, juu ya pengo, jino zima lenye mzizi wake limelala ubavu.

Nikamuuliza limerudi lini.

"Halijarudi, dada," akasema. "Halijawahi kutoka. Lilikuwa humu siku zote."

Akanieleza pole pole. Alichokichimba Ma Stansia kilikuwa chipukizi la jino la utotoni. Meno ya plastiki hayapo, ni meno ya mtoto ambayo hayajawa tayari. Chini yake lilikuwepo jino la ukubwani, nalo likasukumwa, likapoteza njia, likakua limelala. Vifuniko vilipoanza kusogeza meno ya jirani, mizizi ikaja kuligusa. Kule kugonga kulikuwa huko tu. Nikamuuliza kama basi vifuniko ni vibaya. Akasema hapana, vipo vinywa ambavyo vifuniko hivyo vinavifaa sana, lakini kinywa hutazamwa kwanza hadi mfupani, halafu ndipo mtu aamue. Changu kiliamuliwa kabla ya kutazamwa.

Nikamwambia habari za mtoto. Akaacha kuandika. Akasema homa na kuhara kwa mtoto wa miezi saba si mambo ya meno, ni ugonjwa wa kutibiwa leo, na akichimbwa ufizi akiwa hivyo anaweza kufa.

Nikampigia mama. Akapokea, akasema wameshafika na maji yamechemka. Kabla sijamaliza neno moja mtandao ukakatika, na haukurudi tena.

Ndugu zangu, barabara ya Muleba, ya kwenda Kagoma, mnaijua. Sijui hata tulipita wapi. Nilikuwa nyuma ya Anselmi, nimeikumbatia ile picha kifuani, na sikuwa na sala nzuri ya kutamka. Nilikuwa nasema tu jina la mwanangu, Asimwe, Asimwe, na ninyi mnajua kwa Kihaya maana yake ni ashukuriwe. Namshukuru Mungu kwa jambo ambalo hajalifanya bado, na huku nalia.

Tulifika jua likiwa utosini, lakini ndani ya kibanja cha Ma Stansia kulikuwa na kiza kile cha migomba iliyosongamana. Tulizima pikipiki. Nilitegemea kumsikia mtoto akilia. Hakukuwa na sauti yoyote, na ukimya ule ndio ulionimaliza. Nilipita mbio chini ya ule mgomba, nilioukwepa utoto wangu wote, nikaingia ndani.

Mama alikuwa ameketi mkekani na Asimwe mapajani, mtoto yuko macho, ametulia. Ma Stansia amepiga magoti mbele yao, spoku mkononi, na mkono umesimama hewani. Mama aliniambia baadaye kwamba alikaa hivyo muda mrefu, akisema wasubiri, kuna kitu kinakuja, anakisikia. Mkono uliochimba watoto wa kijiji kizima ulizuiwa pale! Semeni ninyi ni nani aliyeuzuia.

Nikaishika picha mlangoni kwenye mwanga. Nikamwonyesha jino langu lililolala. Ma Stansia akaitazama mpaka nikadhani haoni.

"Hili sikulizika mimi," akasema.

"Hukulizika, Ma. Halikuwahi kutoka."

Akaitazama tena. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, "Na wale wengine?"

Wapo waliokua na mapengo kama mimi, na wapo ambao hawakukua. Yeye aliwajua kwa majina. Akaiweka spoku chini, akafunika uso kwa upande wa kanga. Akatwambia miaka yote hiyo amekuwa akiuogopa mgomba ule kuliko sisi, kwamba upepo ukivuma husikia meno yakisagana kwenye majani. Kumbe aliyetutisha alikuwa mfungwa mwenzetu.

Asimwe alikuwa na malaria. Alitibiwa jioni ile ile, na baada ya siku tatu alikuwa anataka uji. Ufizi wake haukuguswa.

Wiki mbili baadaye Ma Stansia akatuita. Akamwomba Anselmi akate mkungu wa mgomba ule. Panga lilipogonga, nawaambia ukweli, sote tulirudi nyuma hatua moja. Akazimenya ndizi yeye mwenyewe, akazipika na maharage, akatutengea. Hakuna aliyenyoosha mkono. Akala yeye kwanza. Kisha nikala mimi. Zilikuwa ndizi, ndugu zangu. Ndizi tu, tamu, kama za kibanja chochote.

Waya huu mnaouona mdomoni mwangu si urembo. Walinifungua kaakaa, wakalifunga lile jino mnyororo mwembamba, na linavutwa pole pole kwenda mahali pake. Daktari aliniambia mapema kwamba linaweza kukataa, nikakubali nikijua. Kwa hiyo kinamama mnaoniuliza kama vile vifuniko vinafaa, jibu langu ni moja: nendeni mkatazamwe kwanza. Na wenye mtoto mwenye homa, msinisubiri nimalize, mpelekeni hospitali.

Mwezi uliopita Asimwe alikuwa anatoa udenda, hana homa, hana lolote. Nikampitishia kidole kwenye ufizi, nikakuta ncha. Chonge la juu, kushoto. Yeye naye, kama kawaida yake, akanitia kidole mdomoni, akapapasa papasa, akasimama mahali pamoja. Nikapeleka ulimi pale alipogusa. Palikuwa na ncha.

Tukatazamana, mimi na mwanangu, kila mmoja kidole kikiwa kwenye jino la mwenzake. Akacheka, nami nikacheka, mdomo wazi, bila mkono. Mtumainini Mungu anayejua kilicholala ndani ya mifupa yetu kabla hakijapigwa picha. Ashukuriwe. Asimwe.