Mama Sahani na Nguzo ya Saba

Ndugu waombolezaji, majirani zetu, na ninyi mliofanya kazi na marehemu, mimi ni binti yake wa kwanza, nimepewa jukumu la kusoma historia hii kwa sababu, kama mjomba anavyosema, tangu utotoni sijawahi kuona jambo nikaacha kuuliza, na maisha ya mama yalikuwa na jambo moja lililonisumbua kwa miaka mingi kabla sijapata jibu lake.

Mama alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wawili, katika nyumba ya vyumba vitatu iliyokuwa peke yake kwenye uwanja mpana nje ya mji. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1958 hadi 1964, akaendelea na sekondari hadi 1968, na walimu wake walimsifu kwa mwandiko mzuri na kumlalamikia kwa ubishi, sifa mbili alizodumu nazo. Mwezi Agosti 1970 uwanja ule ulichukuliwa kwa ajili ya ujenzi, nyumba ikabomolewa, babu akahamishia familia kwenye nyumba ya kupanga upande wa pili wa mji, akasema yaliyopita si ndwele, na kuanzia siku hiyo hakutaka mtu aitaje nyumba ile mbele yake.

Jumamosi tarehe 6 Septemba 1975 lilifunguliwa jengo la maduka ambalo wengi wenu mnalijua vizuri kuliko mimi, ukumbi mmoja mrefu wenye vijiduka huku na huku, na kila mwisho wa ukumbi duka kubwa la ghorofa mbili lililouza kila kitu, kuanzia sindano hadi kabati. Wafanyakazi waliyaita maduka hayo mawili Kichwa na Mkia, na mpaka leo hamjakubaliana lipi lilikuwa lipi, ingawa naona wa Kichwa mmeshawahi viti vya mwanzo wa safu kama kawaida yenu. Mama aliajiriwa Mkia siku ileile ya ufunguzi, idara ya vyombo, chini kabisa, kwenye nguzo ya saba, na huko ndiko alikopata jina la Mama Sahani kabla hajawa mama wa mtu yeyote.

Baba alikuwa fundi wa ngazi za umeme wa jengo hilo, na walikutana siku ngazi ilipozimika katikati, mama akiwa amesimama juu yake na sahani ishirini na nne mikononi, wateja wote wakashuka kwa miguu, yeye akabaki palepale dakika arobaini akisema kwamba ngazi ni ya fundi na fundi atakuja. Fundi alikuja, wakafunga ndoa tarehe 17 Desemba 1977, wakajaliwa watoto watatu, mimi mwaka 1979, mdogo wangu wa kiume 1982 na kitinda mimba 1986, na nyumba tuliyokulia baba aliijenga kwa mikono yake, chumba baada ya chumba, kila alipopata likizo.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Kila asubuhi mama alipochukua mkoba wake alituaga kwa kusema anakwenda nyumbani, na jioni, akivua viatu mlangoni, alisema amerudi kazini, nasi tukacheka, baba akicheka kuliko sote, tukidhani ni utani wa mwanamke anayepika, kufua na kusahihisha hesabu za watoto watatu. Mwaka 1984 alipewa cheo cha msimamizi kule Kichwa, akakikataa, watu wakasema anaringa. Mwaka 1991 idara ya vyombo ilihamishiwa ghorofani, akaomba abaki chini auze magodoro, kazi asiyoijua hata kidogo, mradi asiondoke kwenye nguzo ya saba.

Jibu lilikuja Januari 2009, wiki ya mwisho ya Mkia, bei zilipoporomoka na mjomba akaja kutafuta godoro, akasimama kwenye nguzo ile, akatazama kona ya barabara kupitia kioo, akahesabu hatua kwa midomo, kisha akaniambia bila haraka kwamba hapo palikuwa chumba cha bibi, chumba alichozaliwa dada yake. Nilikimbia kumweleza baba kama mtu aliyeokota lulu, naye akasema kumbe, halafu akaniuliza kama kule ndiko nyumbani, hapa kwake ni wapi, na nakiri leo kwamba nilijuta kumweleza.

Mkia ulifungwa tarehe 31 Januari 2009, Kichwa kikafuata mwaka 2014, na mama aliendelea kwenda kukaa kwenye benchi la ukumbini, karibu na mlango uliofungwa, mpaka jengo zima lilipozungushiwa mabati mwaka 2017. Baada ya hapo hakuaga tena, na neno nyumbani hatukulisikia kinywani mwake kwa miaka sita.

Alianza kuugua figo mwaka 2021. Tarehe 9 Mei 2023 aliruhusiwa kutoka hospitali, akaomba apelekwe nyumbani, nasi watoto, tukijiona werevu, tukamwelekeza dereva moja kwa moja kwenye yale mabati. Mama alichungulia dirishani, akauliza tumekuja kununua nini mahali palipofungwa, akasema amesema nyumbani, kwa baba yetu, au tumesahau njia. Baba, aliyekaa kiti cha mbele, akamwomba arudie, akijifanya hakusikia vizuri, na mama akarudia.

Alifariki Jumamosi tarehe 20 Mei 2023, saa nne asubuhi, katika chumba cha kwanza ambacho baba alikijenga, akiwa na umri wa miaka 72.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia mgonjwa mbishi, majirani ambao hamjatuacha tangu siku ile, na wenzake wote wa Kichwa na wa Mkia, mliokaa leo safu moja kwa mara ya kwanza.

Pumzika kwa amani, Mama. Baba ameniomba nikwambie kwamba tukitoka hapa anakwenda nyumbani, na kwamba anajua ni wapi.