Mjomba wa Kukodi

Ndugu zangu, nianze na ujinga wenyewe kabla mama hajanianzia: nilimkodi mwendesha bodaboda awe mjomba wangu. Malipo yalikuwa chapati mbili.

Likizo iliyopita kaunti ilituweka vijana kambini kwenye shule moja ya bweni, tufundishwe mpira, useremala na adabu. Mbili za kwanza niliziweza. Jumamosi nikasikia ngoma za isikuti ng'ambo ya mto. Mafahali wanapigana, na mimi nimefungiwa napiga randa ubao! Mnajua hiyo inavyouma?

Langoni alikaa afisa wa watoto, mama asiyecheka hata akitekenywa. Sheria yake: mtoto haondoki ila na mtu ambaye mzazi amemkubali. Lakini nikawaza, huku kwetu nani humkatalia mjomba?

Nikamfundisha yule jamaa wa bodaboda kupitia uwazi wa ua la shule: jina langu, shule yangu, hata kovu la gotini. Akaingia, helmeti kwapani, sauti nzito.

"Nimekuja kumchukua mpwa wangu. Tuna matanga."

"Pole, baba. Wewe ni ndugu ya mama yake?"

"Tumbo moja!"

"Ninyi ni wa ukoo gani?"

Uuwi! Ukoo wa mama sikumfundisha. Aliousikia kwangu nikijigamba ni wa baba yangu tu, akautaja huohuo kwa fahari.

Mpishi, jirani yetu wa nyumbani, aliyekuwa akipita na sufuria akasimama. "Huo ni ukoo wa baba ya mtoto! Kwa hivyo dada yenu mlimwoza ndani ya ukoo wenu? Mlikosa wanaume wengine?"

Lango likafungwa, askari akaitwa. Nje mtu akapaza sauti, "Mwizi wa watoto!" na nawaambia, watu walitokea hata ndani ya mahindi. Mawe yakaanza kuokotwa. Jamaa akavaa helmeti, akafunga na kamba. Hapo mzaha uliniisha. Nilichomoka nyuma ya tangi la maji nilikojificha, nikilia, "Msimpige! Ni mimi nilimtuma!"

Afisa alisimama langoni mpaka watu wakatawanyika. Kisha akaniketisha ofisini, mlango wazi, mwalimu mmoja karibu, akauliza polepole, "Kuna mtu amekuumiza hapa, ndiyo maana unatoroka?"

Nilicheka, nikamwambia ni mafahali tu. Yeye hakucheka.

"Wewe ulitaka mafahali," akasema. "Mwingine akija hapa na hadithi kama yenu, hatafuti mafahali."



Namshukuru afisa kwa ukali wake, mpishi kwa swali lake, na yule jamaa, ambaye siku hizi akiniona barabarani anaongeza mwendo. Funzo langu kwenu: lango likikuuliza maswali mengi, usilitukane. Kuna mtoto ndani.

Mama aliitwa, akafika jioni ileile. Akaombwa kitambulisho, akakitoa. Akanitazama toka viatuni mpaka nywele, kisha akamgeukia afisa:

"Madam, asante. Hata mimi mwenyewe nikija kumchukua kabla kambi haijaisha, nifukuzeni."