Kahawa Isiyo na Pointi

Kijiwe chetu cha Nguvumali hakina benchi la maana. Kuna ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, na kuna tairi la trekta ambalo Mudathir fundi pancha hulikalia kama kiti cha enzi, kwa kuwa kibanda chake kiko hatua nne tu kutoka hapo. Katikati liko jiko la Saleha, dele lake la shaba la kahawa, sinia la kashata, na kibao cha lipa namba, ya kulipia kwa simu, kilichofungwa kwa waya kwenye nguzo ya umeme. Saleha mwenyewe hukalia ndoo iliyofunikwa. Kila siku baada ya alasiri wanaume hufika, wakabishana juu ya mpira, bei ya saruji na ndoa za watu, mpaka magharibi ikaribie. Lakini kwa miezi mingi chini ya ubishi huo kulikuwa na mlio mwingine: kila kikombe kikilipiwa, simu ya mnywaji na simu ya Saleha zililia pamoja, kama kengele za baiskeli mbili. Jumamosi moja kengele hazikulia.

Meseji ya kampuni ya simu Saleha alikuwa ameisoma alfajiri. "Mteja mpendwa, kuanzia leo huduma ya pointi imefikia mwisho. Asante kwa kuwa nasi." Aliisoma mara mbili, akailaza simu kifudifudi juu ya gunia la mkaa, akaendelea kupepea moto. Chai ya watoto ilikuwa haijachemka, na kulia hakukuwamo katika kazi za asubuhi ile.

Mpango wenyewe ulikuwa rahisi. Kila malipo ya simu, makubwa au madogo, yalimpa pointi moja mnunuzi na pointi moja muuzaji. Pointi thelathini za mnunuzi zilikuwa bando la siku. Pointi mia tano za muuzaji zilikuwa mtungi wa gesi uliojazwa. Hapakuandikwa popote kwamba malipo lazima yawe ya maana. Sele ndiye aliyeligundua hilo, yule dereva wa bajaji anayeitwa Vigezo kwa sababu husoma vigezo na masharti vya kila kitu, hata vya sabuni. Tangu siku hiyo hakuna mtu kijiweni aliyelipia kahawa yake kwa mkupuo. Kililipiwa kikombe, kikanywewa, kikalipiwa kingine.

Saleha naye hakuzubaa. Aliona kwamba kahawa kali, kikombe cha tatu tu, humwendesha mtu moyo mbio akaaga. Basi akapunguza buni, akaongeza maji. Vikombe vya zamani akavifungia ndani ya ndoo, ndoo ileile anayoikalia, akanunua vingine vidogo kama vya watoto kuchezea: bei nusu, pointi ileile. Wanaume wakafika vikombe kumi, kumi na viwili, wakiinuka kwenda msalani na kurudi. Habari zikaenda mpaka Pongwe. Biashara ikamnogea hata akaiacha nafasi yake ya kuuza chapati kwenye lango la shule. Sabra aliichukua kesho yake, na Sabra si mtu wa kurudisha kitu. Sasa Hafsa, binti wa Saleha, yuko kidato cha nne, mwaka ambao shule haipitishi wiki bila kutaka jambo jipya, na nyumba nzima imeegemea dele moja.

Wa kwanza kufika alikuwa Mzee Methusela. Huyo aliwahi kuwa karani wa mizani katika shamba la mkonge, amestaafu zamani, lakini mpaka leo wanamwita Mizani.

— Shikamoo mzee.

— Marahaba, Mama Hafsa. Poleni na msiba.

— Msiba wa nani tena?

— Wa simu.

Akaketi, akapokea kikombe, akalipa. Mudathir akaja kukalia tairi lake, na Sele akaizima bajaji pembeni. Wote watatu wakaiinamia simu ya mzee. Simu ikakaa kimya.

— Labda mtandao uko chini, alisema Mudathir.

— Hela imekwenda, alisema Mzee Methusela. Kilichokwama ni pointi.

— Jaribu tena.

— Jaribu wewe. Mimi ndiyo nimekwisha kujaribu.

Mudathir akalipa, akaipigapiga simu yake mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Kimya. Sele hakulipa kabisa. Alichukua kikombe, akasema atalipa baadaye akishaelewa hali. Walipomaliza walivirudisha vikombe kwenye sinia, wakavipindua midomo chini, ishara ya aliyetosheka. Saleha akavitazama vile vikombe vitatu. Kimoja kimoja tu. Siku nyingine saa kama hii dele lilikuwa limeshafika nusu. Alipoliinua kulisogeza, mkono ukashuka kwa uzito.

— Mnajua hii ni nini? alianza Sele. Huu ni mtihani. Kampuni inataka kujua nani mteja wa kweli na nani amefuata pointi. Atakayelipa mwezi mzima bila kunung'unika, zake zitarudi mara mbili.

— Basi anza kulipa, Vigezo, tukuone, alisema Mzee Methusela.

— Mimi kazi yangu kusoma. Kutenda ni kazi yenu.

— Hakuna cha mtihani, alisema Mudathir. Ni ule waya uliopita chini ya bahari. Pointi zote zinapita mle. Papa ameutafuna.

— Papa ametafuna pointi, hela akaziacha?

— Hela zinapita hewani, Sele. Hela nyepesi. Ndiyo maana hazikai mfukoni.

— Na pointi?

— Pointi nzito. Umeshaona pointi imepeperuka?

Mzee Methusela akakohoa kikohozi cha ofisini.

— Msinitajie uzito bila ruhusa, mimi nimekaa na mizani miaka thelathini. Sikilizeni. Tumepimwa. Huko waliko kuna kompyuta, na imetupima. Imeona mtu mmoja, Nguvumali, analipa kahawa mara kumi na mbili kwa dakika arobaini. Ikajiuliza, huyu ni mtu au pampu? Ikatuma mjumbe aje kuhakiki.

— Mjumbe gani?

— Yule wa Jumanne, mwenye miwani na begi.

— Mzee, yule alikuwa anauza dawa ya mende!

— Ndivyo alivyosema yeye.

Kweli yule mtu alikuwa amekaa muda mrefu na hakuuza hata pakiti moja. Saleha alikoroga majivu kwa kijiti. Habari za mjumbe hakuziamini. Lakini lile neno la pampu lilimkaa kifuani, maana maji yale aliyatia yeye.

— Tusilie, alisema Sele. Mjini hapa mlango ukifungwa unatafuta dirisha. Kuna kampuni nyingine inatoa pointi ukitembea. Simu inahesabu hatua zako.

— Mimi na goti hili? aliuliza Mzee Methusela.

— Nani kasema utembee wewe? Bi Nasma hapo nyuma ana mbuzi watano. Tunawafunga simu shingoni.

— Wallahi huyu kasoma! alisema Mudathir akipiga tairi kofi. Mbuzi hachoki.

— Mbuzi wa Bi Nasma wanashinda wamelala, alisema Mzee Methusela. Nawaona kila siku.

— Tunawafukuza.

— Nani atawafukuza?

— Mimi hapa. Nawafukuza mpaka Pongwe na kurudi.

— Basi si umeshatembea wewe mwenyewe?

Mudathir akacheka hata tairi likatikisika. Saleha hakucheka.

— Na kahawa je? aliuliza.

Wakageuka wote kumtazama, kama waliosahau kwamba jiko lina mwenyewe.

— Kahawa ipo tu, Mama Hafsa, alisema Mudathir.

Saleha hakulipenda lile "ipo tu".

— Kesho niwashe kama kawaida?

— Washa, washa, alisema Sele. Ila mimi kesho nina abiria wa kumpeleka Mwera. Ni safari ya kutwa.

— Mimi daktari alinikataza kahawa, alisema Mudathir. Tangu mwezi wa pili. Nilikuwa naona haya kukwambia.

— Na wewe mzee?

— Kesho Jumapili, mama. Kanisani.

— Kanisani saa kumi jioni?

— Kuna kikao cha wazee wa kanisa, alisema Mzee Methusela, macho yakiwa kwenye kashata.

Saleha akaitika "haya". Si watu wabaya. Mzee ndiye aliyemjazia Hafsa fomu za shule, na Mudathir hajawahi kumdai kwa kuziba pancha ya baiskeli yake. Ndiyo maana walikuwa wanadanganya kwa upole. Akaanza kuhesabu moyoni siku za wiki kama mtu anayepapasa mifuko: Jumapili hawaji, Jumatatu watapita kwa mbali na kupunga mkono, Jumanne watakuwa na kijiwe kingine. Langoni kwa shule kuna Sabra. Sokoni kwenye chapati kuna wanawake saba.

Lori la chokaa likasimama kando ya kibanda cha Mudathir, limeinama upande mmoja. Akashuka dereva kijana mwenye vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi.

— Shikamooni wazee. Mama, shikamoo. Fundi yuko wapi?

— Fundi ndiye huyu aliyekalia tairi, alisema Sele.

Mudathir akaenda kulivua gurudumu. Baada ya muda alirudi akijifuta mikono.

— Kiraka kinapikwa, kinataka karibu saa nzima. Kaa kijiweni, kijana, unywe kahawa.

Kijana akaja, akatazama ubao, akatazama kibao cha lipa namba kisha dele. Hakukaa.

— Samahanini, nina usingizi tangu juzi na bado nina safari. Kahawa ya hapa ni nzuri?

Lilikuwa swali la mtu aliyechoka, hakukusudia ubaya. Mzee Methusela alifungua mdomo kwanza, kwa kuwa ndiye mkubwa.

— Kahawa ya hapa, alisema, akalitazama dele. Mimi naijua sana. Nimekunywa hapa tangu kabla ya mfungo. Ni... Sele, hebu mwambie.

— Ni ya moto, alisema Sele.

— Moto najua, kaka. Mimi nauliza utamu wake.

— Utamu wake... Presha, wewe unaisemaje?

Mudathir, ambaye jina la Presha alipewa kwa sababu ya kujaza upepo, alikuna shingo.

— Mtu anaweza kunywa nyingi, alisema mwishowe. Mimi nimewahi kufika kumi na nne.

— Bila moyo kwenda mbio? aliuliza dereva.

— Bila chochote.

Dereva akalitazama lile jibu kama linavyotazamwa daraja bovu. Kisha wote wanne wakamgeukia Saleha. Yeye ndiye angejua. Na Saleha akagundua kwamba hajui. Nyumbani hunywa chai ya maziwa. Kahawa hii alikuwa ameipika miezi yote hiyo, na hata siku moja hakuionja. Alisikiliza kengele, na kengele zilimwambia mambo mazuri.

Akachukua kikombe kidogo, akamimina, akanywa mbele yao. Wakasubiri. Yalikuwa maji ya moto yaliyopitishwa karibu na buni, wasijuane.

— Leo si nzuri, alimwambia dereva. Kaa.

— Mama Hafsa! Sele alishtuka. Unamfukuza mteja?

— Nimemwambia akae.

Akaliinua dele kwa mikono miwili, akalimwaga lote mtaroni. Mzee Methusela alishika kichwa.

— Lote? Mama, hata hatujajadiliana!

— Mmejadiliana tangu alasiri, mzee.

Akaosha dele, akatia maji mapya nusu ya yale ya kila siku. Kopo la buni lilikuwa la kumfikisha Alhamisi. Akachota kijiko, cha pili, hapo ndipo alipozoea kuishia, akaendelea mpaka cha saba, na kila vijiko viwili aliviona vikipita na siku yake. Akaponda tangawizi. Akapepea. Hakuna aliyezungumza habari za mbuzi. Povu lilipopanda harufu ikaenda mbele, ikavuka barabara, na mtu mmoja aliyekuwa anapita na ndoo ya rangi akageuza shingo. Saleha akainuka, akafunua ndoo yake, akatoa vikombe vya zamani, vile vipana, akavisuuza vumbi.

Dereva, aliyekuwa ameshakaa ubaoni, akapewa wa kwanza. Wanaume watatu wakamkodolea macho usoni kama walivyokuwa wakizikodolea simu. Akapuliza, akanywa funda moja. Uso ukamkunjamana wote, jicho moja likafumba. Akanywa la pili, taratibu, akatafuna kashata, akamaliza, akakisimamisha kikombe juu ya goti, mdomo juu.

— Napita hapa kila siku isipokuwa Jumatatu, alisema. Lakini alfajiri, na mzigo. Tuko madereva sita. Kesho unafungua saa ngapi?

Saleha hajawahi kufungua alfajiri. Alfajiri ni maji, ni chai ya watoto, ni sare ya Hafsa iliyosahauliwa kwenye kamba. Akatazama kopo la buni lililokaribia kwisha.

— Saa kumi na moja, alisema.

Mzee Methusela alikuwa ameshakigeuza kikombe chake mdomo juu.

— Na mimi nitie hiyo, Mama Hafsa. Nalipa kwa simu, au?

— Lipa kwa chochote, mzee. Ila usije ukanywa kumi na viwili. Hii vitatu, uende nyumbani.

Akakitoa kile kikombe kidogo mkononi mwake, akampa kipana.