Bi Radhia, Mpishi Aliyetuvisha Pilipili

Bi Radhia Masmudi amepika kantini ya majaruba ya chumvi kwa miaka thelathini na moja. Tarehe thelathini Juni anarudisha ufunguo na kustaafu. Msimamizi Taufik amesema hilo lazima liwe la kwanza, basi nimeliweka la kwanza.

La pili ni kwamba mimi sikuomba kuandika. Mimi ni mtu wa beleshi. Taufik alipita jarubani akauliza nani kavaa pilipili za Bi Radhia mara nyingi kuliko wenzake. Wote wakaninyooshea kidole. Akasema basi wewe ndiye unayemjua, andika ukurasa ujae. Binti yangu Yosra amenirekebishia herufi. Maneno ni yangu, mwenye kukasirika anitafute mimi.

Bi Radhia alianza kazi ana miaka thelathini na moja, anaondoka ana sitini na mbili. Kabla yake kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa akichemsha maharage mpaka yanakuwa gundi. Mimi sikuwepo, lakini wakongwe wanasema Bi Radhia siku ya kwanza alionja kijiko kimoja, akatoka na sufuria, akamwaga yote ukingoni. Hata heroe, wale ndege wa majarubani, hawakuyagusa. Akawapa watu mkate na zeituni, akawaambia kesho mtakula. Kesho wakala.

Mwaka ule bahari ilipobomoa ukuta wa jaruba la nne nilikuwepo. Tulibeba mawe siku tatu. Yeye alileta chakula kwa mkokoteni mpaka ukutani, mara tatu kwa siku, watu themanini, tope magotini. Mkubwa mmoja wa ofisini akamwambia arudi, huku ni hatari. Bi Radhia akamtwika kapu la mkate, akamwambia pita mbele. Mkubwa akapita mbele.

Hayo ni mazuri yake na sina neno. Sasa niseme ya mchezo wake, maana ndiyo yaliyonichosha.

Miaka tisa iliyopita, wakati wa mvua, paa la kantini lilianguka. Hakuna aliyeumia, lilianguka Jumapili. Kantini ikafungwa siku arobaini. Sisi tukala mkate na samaki wa kopo. Asubuhi mkate na samaki wa kopo, jioni samaki wa kopo na mkate. Alipofungua tena akatukuta tumekonda na tunagombana ovyo. Akasimama mlangoni na mwiko wake akatutazama mmoja mmoja. Akasema amewalisha wanaume themanini miaka ishirini na mbili, na hakuna hata mmoja anayejua kukaanga kitunguu. Akasema aibu hiyo si yetu peke yetu, na yake imo.

Mtu mwingine angefundisha. Angesema chukua hiki, tia kile, subiri dakika kadhaa. Bi Radhia hapana. Yeye akaleta mchezo, kama tuko chekechea.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Jumatatu unachovya mkono kwenye sanduku, unatoa karatasi. Imeandikwa jina la chakula tu, basi. Unakwenda kupika nyumbani kwako, na Alhamisi unaleta kibakuli. Watu watatu wanafungwa macho, wanaonja, wanaamua. Ukishinda unatupiwa kokwa ya zeituni ndani ya kopo lako, na siku hiyo unapewa mfupa wenye uboho. Ukishindwa unavishwa shada la pilipili kavu shingoni, unakaa nalo mpaka saa ya kutoka. Jua la jarubani unalijua, jasho unalijua. Pilipili na jasho shingoni, utajaza mwenyewe.

Ulianzia yai la kuchemsha. Usicheke. Watu kumi na wanne walishindwa yai la kuchemsha. Baadaye nyanya na yai. Baadaye briki, lile yai linalofungwa kwenye karatasi ya unga na kukaangwa, kiini kibaki majimaji. Hapo ilibidi uipike na uile mbele ya watu bila tone kugusa kidevu, kama bwana harusi kwa mama mkwe. Taufik alichafua mpaka shati. Mchana huohuo wakaja wageni kutoka Tunis, wamevaa suti, na msimamizi wetu akawatembeza majaruba yote matano na pilipili zake shingoni. Alipotaka kuzivua Bi Radhia alimtazama tu.

Mabruk wa trekta alidanganya. Alileta supu aliyopikiwa na mkewe. Bi Radhia akaonja, akaisifu, kisha akamuuliza kitunguu kilipoiva kilianza kunukia nini. Mabruk akasema kilinukia kitunguu. Akavishwa wiki mbili. Wiki ya tatu mkewe mwenyewe alikuja mpaka getini kumshukuru Bi Radhia, na Mabruk hajasamehe mpaka leo.

Sasa mimi. Taufik kasema nisijiandike sana, lakini bila hili hutamjua.

Mke wangu Hayet alifariki mvua zilezile. Yosra alikuwa na miaka kumi. Tulipomaliza arobaini, dada yake Hayet, shemeji yangu Rafika anayekaa Susa, aliingia jikoni kwangu akafungua kabati. Makopo. Akafungua la pili. Makopo. Hakupiga kelele, Rafika hana kelele. Alisema mtoto hawezi kukua hivi, na kwake kuna nafasi na kuna mama. Asubuhi ya Idi atakuja kumchukua, shule mpya aanzie hukohuko. Alisema kweli. Mtoto alikuwa hali chakula, na jikoni alikuwa haingii kabisa tangu mama yake aondoke. Nilikuwa na yeye tu. Kaka hapa sina, mama sina.

Nikaenda kwa Bi Radhia kabla watu hawajafika. Nikamwambia sitaki karatasi, sitaki kokwa, aniandikie vyakula vitano na vipimo vyake, nipike, shemeji aone.

Akaendelea kumenya viazi. "Kipimo sitoi."

"Bi Radhia, sina muda wa michezo. Wananichukulia mtoto."

"Ndiyo maana utacheza," akasema. "Nikikupa kipimo utapika mara tano, halafu utarudi kwenye kopo. Haya, chovya mkono."

Nilitaka kuipindua ile meza. Nikachovya mkono.

Nilishindwa Alhamisi ya kwanza. Nilishindwa ya pili na ya tatu. Kila mwonjaji alisema neno moja, chumvi. Na mimi nikionja naona sawa. Nikaona wananionea. Alhamisi ya nne nilikasirika mpaka nikasahau kuvua zile pilipili, nikapanda baiskeli nikaenda nazo nyumbani. Watu wa njiani walinitazama nikawaona wajinga. Yosra akafungua mlango. Akanitazama shingoni. Kisha akacheka, akacheka mpaka akakaa chini. Tangu msiba nilikuwa sijamsikia.

Akauliza, "Baba, umefanya nini?"

Ikabidi nimweleze. Mtu mzima anamweleza mtoto kwamba ameshindwa dengu. Akataka kuzionja. Akaingia jikoni mwenyewe, akachovya kidole sufuriani, akatema. Akasema hii ni bahari.

Nikampelekea Bi Radhia maneno hayo nikidhani atanihurumia. Akaniita mbele ya wote akaniambia nitoe ulimi. Nikatoa. Akaniuliza nimefanya kazi chumvini miaka mingapi. Kumi na tano. Akasema ulimi huo umekufa. Mtu anapumua chumvi toka alfajiri, midomo yake ina chumvi, mkate wake una chumvi ya vidole, halafu jioni ndiyo aseme chakula kimekolea? Akawageukia wengine, akasema wote humu ni hivyo, ila Lazhar, yaani mimi, kawazidi. Akatoa sheria mpya papo hapo. Lazhar asiguse chumvi. Chumvi ya nyumba ile ni ya mtoto.

Nilichukia. Mimi ndiye ninayeikusanya chumvi ya nusu ya nchi hii kwa mikono yangu, naambiwa nisiiguse. Mabruk akasema afadhali, hata mbuzi hukikimbia chakula changu. Lakini sheria ni sheria. Nikirudi jioni nakaanga, nachochea, nikifika kwenye chumvi namwita Yosra. Siku za mwanzo anakuja, anatia, anaondoka. Baadaye akawa anakaa. Baadaye akawa ananiambia punguza moto baba, unaharakisha. Kopo langu likaanza kupata kokwa. Akawa anayaulizia matokeo mlangoni kabla sijashuka kwenye baiskeli, kama mpira.

Ramadhani ikaingia, mchezo ukasimama maana mchana hakuna wa kuonja. Wiki ya mwisho Bi Radhia akaniita peke yangu, akanipa sanduku. Nikatoa karatasi. Sharmula na samaki wa chumvi. Nikamwambia nibadilishie. Akasema toa nyingine. Nikatoa. Sharmula na samaki wa chumvi. Nikamwaga sanduku zima mezani, karatasi ishirini, zote sharmula na samaki wa chumvi.

Kwa asiye wa hapa, hicho ndicho chakula cha asubuhi ya Idi Sfax nzima. Nyumba isiyokipika ni kama haikufungua saumu. Vitunguu unavipika polepole kwenye mafuta ya zeituni mpaka viyeyuke, na maji mazito ya zabibu kavu ulizozichuja, na viungo. Pembeni yake samaki aliyekaa kwenye chumvi miezi, unamloweka na kumchemsha mpaka chumvi itoke. Ikitoka kidogo hafai, ikitoka yote hafai. Na mimi ulimi sina, na nimefunga.

Nikamuuliza nani atakayeonja. Akasema, "Shemeji yako." Akaniacha na karatasi zake mezani.

Siku ya mwisho ya mfungo tulianza adhuhuri. Joto lile, na moto. Mimi nilikata vitunguu kilo tatu nikilia kwa haki. Yosra ndiye aliyemshika samaki. Alimwaga maji, akatia mapya, akaonja maji, akatema. Mara ya pili, ya tatu. Nilimwambia inatosha. Akasema bado. Nilimwambia atakuwa kama karatasi. Akasema, "Baba, hii si yako." Basi nikamwachia. Mara ya sita akaonja, akasema hivi ndivyo mama alivyokuwa akimtoa. Nikageukia vitunguu vyangu.

Asubuhi ya Idi Rafika alifika mapema. Mkono mmoja mfuko mkubwa mtupu, wa nguo za mtoto. Mkono wa pili bakuli la sharmula yake, maana hakutarajia kukuta kitu. Alipoona meza alisimama. Yosra akambusu, akavuta kiti, akamwambia mama mkubwa hapa hakuna kula kabla ya kufungwa macho. Rafika akasema hana umri wa mambo hayo. Mtoto akasema hata msimamizi hufungwa. Rafika akanitazama mimi, mimi nikatazama ukuta. Akafungwa kitambaa.

Akaonja ya kwanza, akasema hii yangu. Kweli ilikuwa yake. Akaonja ya pili. Akaonja samaki. Akala tena samaki. Alikula kipande kizima, na mimi nimeshika kiti kwa nyuma.

Akauliza, "Samaki nani kamtoa chumvi?"

"Mimi," Yosra akasema. "Baba haruhusiwi. Mimi nikikosea yeye ndiye anavaa pilipili."

Rafika akavua kitambaa. Macho yalikuwa mekundu, sijui ni kwa kufungwa. Akasema zabibu sikuzichuja vizuri, ana kokwa kwenye meno. Akasema na karafuu nimetia kama namzika mtu.

"Mwakani punguza karafuu, shemeji," akasema. Kisha akavuta mkate akaendelea kula.

Mwakani. Nilitoka nje nikasimama uani.

Mfuko aliurudisha Susa mtupu. Nilipomweleza Bi Radhia baada ya sikukuu hakunipongeza. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza karafuu ngapi. Nikamwambia sikuhesabu. Akanivisha pilipili, na kokwa moja akaitupa koponi mwangu, akasema hiyo ni ya samaki, si yako.

Ndivyo alivyo. Miaka tisa sijapata kutoka kwake neno moja la moja kwa moja. Ukiuliza anakuuliza. Ukilia anakupa kitunguu. Lakini leo kwenye majaruba haya watu sitini na kitu wanajua kupika nyumbani kwao, na wake zao wanalijua jina lake. Wawili wameoa kwa ajili ya briki, hilo ni kweli tupu, waulizeni. Mpishi mpya anaanza Julai. Ni kijana mpole, amesoma, ana mizani ya gramu. Mungu amsaidie.

Yosra ana miaka kumi na tisa sasa. Septemba anakwenda Tunis kusoma. Ataondoka kwangu kwa miguu yake, kwa sababu yake, na sufuria yake kaifunga mwenyewe kwenye gazeti.

Bi Radhia, kwa niaba ya watu wote wa majaruba, ahsante kwa miaka thelathini na moja. Pumzika. Upikiwe sasa, na uwe na afya, na umri mrefu, na majirani wazuri. Taufik kataka haya yaandikwe kwa heshima, nami nimeyaandika kwa heshima na ni ya kweli.

Langu mimi ni fupi. Mtoto wangu alikulia kwangu. Hilo ndilo nililotaka kusema, mengine ni kujaza ukurasa.