Mzee Abdulshakur, Mbayuwayu wa Nyabusele na Mashimo ya Mwigulu

Tarehe 30 Novemba mwaka huu, Mzee Abdulshakur Sabiti, Baba Amira, Mkuu wa Nyavu katika Kituo cha Ndege cha Nyabusele, anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja. Ofisi imeniomba mimi wa jikoni niandike wasifu wake kwa sababu, walivyosema, hakuna aliyemsikiliza kwa muda mrefu kuliko mimi. Ni kweli. Mtu anayesonga ugali hawezi kukimbia.

Kwa wageni wa sherehe ambao hawajawahi kufika kwetu: Nyabusele ni kipande cha ufukwe wa ziwa upande huu wa Geita, matete na tope na mbu. Kila mwaka, Ulaya baridi inapoanza kuuma, mbayuwayu hufunga safari kuja kwetu kwenye joto. Mchana wanatawanyika kula wadudu, jioni wanarudi kwa makundi na kulala ndani ya matete. Sisi tunatega nyavu nyembamba kama nywele, tunawatoa mmoja mmoja, tunawavalisha mguuni kipete chenye namba, chepesi kama ganda la kitunguu, kisha tunawaachia. Ndege yule akinaswa kwingine, watu wa huko wanasoma namba na dunia inajua alikopita. Kazi yetu ndiyo hiyo. Haina almasi, haina dhahabu, na ndiyo maana nusu ya Geita hutuuliza kama tuna akili timamu.

Mzee Abdulshakur alikuja akiwa kijana kutoka Kahama, ambako ukoo wake unauza mchele, akaajiriwa kama mlinzi. Hakuwa amewahi kushika ndege yeyote zaidi ya kuku wa Idi. Siku yake ya kwanza kwenye nyavu alivaa shati jipya lenye vifungo vingi, na kila kifungo kikashika wavu. Alivyozidi kujinasua ndivyo alivyozidi kujifunga, mpaka akabaki ananing'inia mikono juu, pembeni yake ndege mmoja wa aina ya kipwe, aliyenaswa naye, akimng'ata sikio kwa hasira. Bujiku, mlinzi mwenzake, alisimama akamtazama vizuri, kisha akaita kwa sauti, "Jamani, leteni pete! Huyu tumvalishe ya saizi gani?"

Kesho yake Mzee alitangaza kanuni kwamba hakuna kuvaa vifungo karibu na nyavu. Kanuni hiyo ipo hadi leo, na yeye huwaambia wageni kwamba aliifikia baada ya utafiti.

Lakini lazima niseme haki, maana kuandika uongo ni dhambi kama kuusema. Vidole vya mtu huyu ni zawadi ya Mungu. Ndege mdogo ana moyo unaopiga kama cherehani; ukimbana kidogo umemuua, ukimlegeza kidogo ameondoka na wavu. Mzee alikuwa anamweka kiganjani, shingo ikipita katikati ya vidole viwili, na ndege anatulia kama mtoto aliyeshiba. Katika miaka yote hiyo sijaona ndege aliyekufa mkononi mwake. Wasikilizaji ndio walikuwa hatarini.

Maana Baba Amira anaongea. Anaongea akitega, anaongea akitegua, anaongea huku mdomo umejaa kiporo cha wali. Siku wanafunzi wa shule ya msingi walipotutembelea, aliwasimamisha juani akaanza na mabawa, akapita mkia, akafika Urusi, na alipokaribia kurudi nchini mtoto mmoja akaanguka. Mzee anasema lilikuwa jua. Mwalimu wao hajarudi tena kutoa maoni.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wote mnalijua na ambalo yeye mwenyewe ameniomba nisiliandike.

Miaka mitatu iliyopita alikwenda Geita mjini kununua uzi wa nyavu. Akaketi kwenye kibanda cha chai pale Kalangalala, katikati ya wachimbaji wadogo waliokuwa wanapumzika. Mtu mwenye busara angekunywa chai. Yeye alianza kuhutubia. Akawaambia kuna ndege wanatoka Ulaya, wanavuka jangwa, na kila mwaka wanatua sehemu moja tu, Nyabusele, wala hawapotei.

"Wanafuata nini?" akauliza kijana mmoja aitwaye Mwigulu, mkubwa wa kundi lile.

"Swali zuri!" Mzee akajibu, na hapo ndipo tulipopotea. "Matete yapo ziwa zima. Kwa nini watue pale tu? Pale pana kitu, kijana wangu. Na sisi tunawavalisha vipete vya chuma ili wazungu wajue walikopita."

Yeye alikuwa anazungumzia wadudu. Lakini wachimbaji wa huku wana njia yao ya kusoma dunia: udongo uliotolewa na mchwa, rangi ya jiwe, shimo la mnyama, kila kitu kwao ni ishara. Ukimwambia mtu wa namna hiyo kwamba wazungu wanamfuatilia kiumbe anayerudi mahali pamoja mwaka hadi mwaka kwa sababu pana kitu, usishangae akiondoka bila kumaliza kitumbua.

Kulipokucha walikuwa wamefika. Pikipiki, sululu, mabeleshi, masufuria ya kupikia. Kabla jua halijawa kali walikuwa wamefyeka matete pale pale mbayuwayu wanapolala na kuanza maduara, maana ndivyo wanavyoyaita mashimo yao. Mzee alikimbia kwenda kuwazuia, msuli mkononi.

"Tokeni! Hapa hakuna kitu!"

"Mzee," Mwigulu akamjibu kwa heshima zote, "shikamoo. Wewe mwenyewe ulisema hapa pana kitu."

"Nilisema wadudu!"

"Wadudu hata Kahama wapo, mzee. Acha uchoyo."

Mama Amira, Dada Zuhra, alikuwa amesimama nyuma yetu na ndoo ya maji. Akamwambia mumewe mbele ya watu wote, "Ulimi wako, Baba Amira, ungekuwa jembe tungekwisha kulima Ushetu nzima."

Mkuu wetu wa kituo, Bi Juliana, aliomba msaada, na msaada ulikuwa njiani, na njia zetu mnazijua. Wakati tunausubiri, Mzee aliamua kupambana kwa silaha aliyokuwa nayo. Alichukua kigoda, akaketi ukingoni mwa duara la kwanza, akaanza kuwaeleza waliokuwa ndani habari za mbayuwayu. Urefu wa bawa. Uzito kabla ya safari na uzito baada ya safari. Mtu akiwa chini ya shimo na beleshi hana pa kwenda. Duara hilo likinyamaza, anahamishia kigoda kwenye lingine. Nilimpelekea chakula nikamkuta Mwigulu amekaa chini, kichwa katikati ya magoti, anasema, "Mzee wangu, nakuomba kwa jina la mama yako. Hata gerezani kuna muda wa kupumzika."

"Bado sijafika kwenye manyoya," Mzee akamwambia.

Waliondoka. Yeye anasema ni kwa ajili ya elimu aliyowapa. Bujiku anasema ni kwa sababu maji ya ziwa yaliingia mashimoni na hawakuona hata kumeta. Mimi nasema Mungu alitumia vyote viwili. Lakini walituachia uwanja mtupu wenye mashimo, kama kinywa kilichong'olewa meno, na mwaka uliofuata mbayuwayu walipita juu yetu jioni, wakazunguka, wakatazama, wakaenda zao.

Mwaka mwingine tena hivyo hivyo. Nyavu zilinasa majani na popo.

Ofisi kubwa ikasema wazi kwamba pasipo ndege hakuna kituo. Tulipewa muda mpaka msimu wa mwaka huu, ambao ndio msimu wa mwisho wa Baba Amira. Wengine wetu tulikuwa tunaogopa kupoteza kazi, na sioni aibu kulisema. Yeye alikuwa anaogopa kitu kingine. Alikuwa anaogopa kwamba siku atakayofunga mlango wa nyumba yake, kituo nacho kitafungwa, na watu wa Nyabusele watamkumbuka kama mtu aliyekiua kwa kikombe cha chai.

Basi akaanza kupanda matete. Alichimba vipandikizi upande wa pili wa ghuba, akavibeba begani, akavipanda kwa mistari iliyonyooka kama mahindi, akaweka na kibao. Ng'ombe wa kijijini wakaja. Ng'ombe hupenda mistari, haiwasumbui kutafuta. Wakaanza mwanzo wa mstari wakala mpaka kwenye kibao. Akapanda upya, wakala upya. Akawahutubia wachungaji, na wachungaji wakamsikiliza kwa adabu huku ng'ombe wakimalizia.

Upande wa mashimo hakutaka kuuona. Aliuzungushia miiba, akatukataza sote kupita. "Pale ni pa aibu," alisema. "Mwenye kuniheshimu asiende." Tukamheshimu.

Yeye anaswali, mimi nasali, na katika hilo hatujawahi kukosana. Alinitunzia futari kila Ramadhani nami nilimwekea sahani yake kila Krismasi. Nikiwa jikoni kwangu humsikia akiomba dua alfajiri. Kwa kawaida dua yake ingetosha kuchemsha maharage. Lakini mwaka huu, Septemba ilipokwisha bila ndege, dua zikawa fupi. "Ya Rabbi, warudishe tu." Basi, anakunja mkeka. Niliogopa. Nikamwambia Bi Juliana, "Huyu mtu apelekwe hospitali, amesema sentensi moja."

Katikati ya Oktoba ng'ombe mmoja aliyechoka mistari alivunja miiba akaingia upande wa aibu. Bujiku akamfuata na fimbo. Hakurudi upesi. Aliporudi hakuwa na ng'ombe, hakuwa na fimbo, alikuwa anatweta.

"Baba Amira. Njoo uone."

"Siendi kule."

"Mzee, nimekuheshimu miaka thelathini. Leo njoo."

Tulikwenda sote, jua likishuka. Yale maduara yalikuwa yamejaa maji. Na ndani ya kila duara na kandokando yake, kwenye maji yale ambayo hakuna ng'ombe anayethubutu kuingia kwa kuogopa kuzama, matete yalikuwa yameota yenyewe, mazito, marefu kumpita mtu mrefu. Hakuna aliyeyapanda, hakuna aliyeyahutubia. Na juu yake mbayuwayu walikuwa wanazunguka kama moshi, moshi unaokunja na kukunjua, kisha wakaanza kushuka. Walikuwa wanadondoka ndani ya matete kama mvua ya vuli, kwa kishindo kidogo na kelele nyingi.

Mzee alivua kofia.

"Bujiku, hao ni ndege au ni macho yangu?"

"Ni ndege, Baba Amira."

"Wamelala kwenye matete yangu?"

"Yako yameliwa na ng'ombe, mzee. Haya ni ya Mwigulu."

Sijawahi kumwona mtu akicheka na kulia kwa pamoja namna ile. Alikaa kwenye tope na suruali yake safi, na Dada Zuhra, ambaye hakuwa na ndoo safari hii, akakaa kwenye tope karibu naye. Sisi wengine tulitazama upande mwingine, kwenye ndege, kwa adabu.

Jioni iliyofuata tulitega. Bi Juliana alimpa plaizi ndogo ya kufungia pete avalishe wa kwanza. Akamweka ndege kiganjani, shingo katikati ya vidole viwili. Akafunga kipete, akasoma namba, akafungua kiganja. Ofisi kubwa imekwisha kuarifiwa. Imejibu kwamba kituo kinabaki, na nafasi zetu zinabaki, hata ya jikoni.

Kwa hiyo, Baba Amira, asante. Asante kwa vidole, kwa kanuni ya vifungo, kwa vijana wote uliowafundisha kushika kiumbe dhaifu bila kukiumiza. Asante kwa kurudi kwenye mistari ile kila ilipoliwa, ingawa sote tuliona mapema kuwa ni chakula cha mifugo. Mtu asiyejali angenunua tiketi ya basi ya Kahama siku ile ile wachimbaji walipoondoka. Wewe ulibaki ukazomewa. Nadhani Mungu alikutazama ukipanda pasipofaa, akakuhurumia, akapanda mwenyewe pale ulipozungushia miiba.

Kuhusu sherehe: kamati imekubaliana kwamba Mwigulu, ambaye sasa ana duka la vipuri vya pikipiki, ataketi meza kuu kama mgeni wa heshima, kwa kuwa mashimo ni yake. Mzee alipinga kwa kirefu. Baadaye alikubali, kwa sharti kwamba Mwigulu asipewe kipaza sauti. Kamati imeafiki, na ili pasiwe na upendeleo, hakuna kati yao atakayepewa.

Jirani zake wapya wa Kahama, tunawaombea. Mtazoea.

Nawe nenda kwa amani, Baba Amira, na Dada Zuhra wako, kwa Amira na wajukuu. Mwenyezi Mungu akupe afya na usingizi mwema. Huna haja tena ya kuamka kuwaulizia mbayuwayu. Jana jioni walishuka wengi kuliko juzi. Wabeja sana, asante sana.

Mama Blessing, Jikoni
Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Kituo cha Nyabusele